Anayesema "Acha Dawa" Atujibu Kwanza

Hoja hizi mmeshazisikia. Zimesemwa kwenye vikao vya ukoo, kwenye maombi, kwa mganga, na kwenye sauti zinazorushwa kutoka simu hadi simu: kijana mwenye skizofrenia aachane na vidonge na sindano, maana vinammaliza polepole. Wanaozisema si wajinga, na wengi wao wanampenda mgonjwa kwa dhati. Kwa sababu hiyo hoja zao zinastahili kupimwa moja moja, wala si kuchekwa. Nawaomba wasomaji mkae kama mahakimu. Kila hoja nitaieleza jinsi mwenyewe anavyoieleza, kisha tuitazame inasimama kwa miguu gani. Mtaona kwamba zile zenye ukweli ndani yake zinadai dawa zisimamiwe vizuri zaidi. Kutoka hapo hadi kuziacha kuna mruko ambao hakuna hata mmoja wao aliyeueleza.

Hoja ya kwanza inasema hili si jambo la hospitali. Kijana alikuwa mzima, kafaulu mtihani, mara akaanza kusikia watu wasioonekana wakimsema. Damu imepimwa haina kitu, picha ya kichwa haina kitu. Basi ni majini, au kafanyiwa na mtu. Ni kweli kwamba hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia. Kipandauso nacho hakina, na sijasikia mtu akikana kwamba kichwa kinauma. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa dalili na muda wake, baada ya kuondoa visababishi vingine: malaria iliyopanda kichwani, kaswende, kifafa, VVU, bangi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote mtu mmoja kati ya 300 hivi anao, na mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, Dodoma sawasawa na Helsinki. Kisha tazameni hoja inavyojimaliza yenyewe. Ukimuuliza mganga kwa nini sauti zilipungua mgonjwa alipoanza risperidoni, anajibu kwamba dawa "zimelifunga tu jini". Jini linalofungwa kwa miligramu chache za kidonge, na kufunguka kidonge kikikatwa, lina tabia zote za ugonjwa. Anayetaka kuomba na aombe. Dua na kidonge havijawahi kugombana. Ugomvi unaanza pale mtu anapoweka sharti kwamba dua haitajibiwa mpaka kidonge kitupwe.

Hoja ya pili: dawa hizi hazitibu chochote, zinamlaza tu mtu ili asisumbue. Historia inaipa hoja hii nguvu fulani. Klopromazini, dawa ya kwanza ya kundi hili, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950, na daktari wa upasuaji Henri Laborit ndiye aliyeona inavyowatuliza wagonjwa wake. Jean Delay na Pierre Deniker waliianza kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952. Na kweli inaleta usingizi. Lakini kama siri yote ingekuwa usingizi, dawa yoyote ya usingizi ingetosha. Jambo hilo lilipimwa zamani. Mwaka 1960 yalichapishwa matokeo ya hospitali za maveterani wa vita nchini Marekani, ambako klopromazini ilishindanishwa na fenobabitoni, dawa ya kulaza kweli kweli, na vidonge visivyo na dawa. Klopromazini ilishinda. Fenobabitoni haikuzidi kidonge kisicho na kitu. Usingizi wenyewe kwa wengi hupungua wiki za mwanzo zikipita, ilhali sauti zinaendelea kunyamaza. Wapinzani wangeweza kusema jambo moja la kweli hapa, nalo hawalisemi: dawa hizi zinashughulikia vizuri sauti na hofu ya kufuatwa, lakini hazisaidii sana ule uzito wa kukosa hamu, kujitenga na kunyamaa. Kwa hayo mgonjwa anahitaji kazi ya mikono, ratiba na watu wa kukaa nao. Ni sababu ya kuongeza kitu juu ya dawa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na anayeipuuza hajawahi kukaa na mgonjwa: dawa ni sumu. Mtazameni, wanasema, anavyotetemeka, anavyodondosha mate, alivyonenepa. Wanayoyaona yapo, tena nitawaongezea. Kijana kachomwa haloperidoli asubuhi. Jioni shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeukia juu hayashuki, taya limekaza, ulimi unatoka nje na maneno hayatoki. Waliopo chumbani wanaapa kwamba jini limepanda. Huo ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa. Huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za kwanza, na sindano ya promethazini, au ya dawa ya kundi moja na benzheksoli, mara nyingi huulegeza ndani ya nusu saa. Mwingine hawezi kutulia: anakaa, anasimama, anazunguka ua usiku kucha. Nyumbani wanasema wazimu umezidi. Kliniki, kama hakuna aliyemuuliza, wanaongeza dozi, na dozi inazidisha kutotulia. Mwingine, baada ya miezi au miaka, midomo inatafuna pasipo chakula, na hali hiyo huenda isiondoke hata dawa ikikatwa. Wapo wanaokosa hedhi, wapo wanaotokwa na maziwa bila kunyonyesha, wapo ambao olanzapini imewapandisha uzito na sukari.

Sasa ulizeni: katika orodha hiyo yote, ni lipi lisilo na hatua yake? Mkazo wa misuli una sindano. Kutotulia kunapungua dozi ikishushwa au dawa ikibadilishwa. Midomo inayotafuna inapaswa kuonwa mapema, na huonwa na mtoa huduma anayemwambia mgonjwa afungue mdomo na kunyoosha mikono kila anapokuja. Uzito, kiuno, presha na sukari vinapimwa kwa vifaa ambavyo zahanati nyingi zinavyo. Hatari zinazoua nazo zina alama zake. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Kwa anayetumia klozapini, homa au koo kuuma ni kupima damu siku hiyohiyo, na kukosa choo siku kadhaa si jambo la kuonea aibu bali la kuripoti. Ninachowalaumu wapinzani ni kwamba wameliona tatizo sahihi wakaliandikia dawa isiyolihusu. Kama wangesimama mlangoni mwa kliniki na kuuliza kwa nini mgonjwa anakabidhiwa kifuko cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 2", bila jina la dawa wala miligramu zake, ningesimama nao. Mtu asiyejua jina la anachomeza hawezi kumweleza daktari mwingine kilichomdhuru. Hilo linarekebishwa kwa kuandika jina.

Kwa wanaoamini kwamba dawa hatari haiwezi kutumiwa kwa usalama, ushahidi mzuri kuliko wote unatoka nchi moja. Mwaka 1975, nchini Ufini, klozapini iliporomosha chembe nyeupe za damu za baadhi ya wagonjwa, na wanane wakafa. Dawa ikaondolewa katika nchi kadhaa. Ingeishia hapo, wapinzani wangekuwa na mfano wao kamili. Lakini mwaka 1988 John Kane na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 268 ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia: katika wiki sita, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Dawa ikarudi kwa sharti moja: damu ipimwe kila wiki katika miezi ya mwanzo. Mwaka 2020, Ufini hiyohiyo, Jari Tiihonen na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 62,250 waliofuatiliwa hadi miaka 20. Katika vipindi vya kutotumia dawa yoyote ya kundi hili, vifo vilifikia asilimia 46.2. Kwa dawa yoyote, 25.7. Kwa klozapini, 15.6. Mtu makini atasema wasiotumia dawa huenda wanatofautiana na wanaotumia kwa mambo mengine, na ni haki kusema hivyo. Lakini anayedai kwamba dawa ndizo zinazoua ana kazi ya kueleza kwa nini makaburi yamejaa upande usiokuwa na dawa, na kwa nini dawa iliyokuwa ya kutisha kuliko zote ndiyo yenye vifo vichache. Kilichobadilika kati ya 1975 na leo ni kipimo cha damu. Klozapini ni ileile.

Hoja ya nne: wazungu wenyewe wameanza kuziacha. Wanataja tafiti, nami nawashukuru, kwa kuwa tafiti zinasomeka. Uholanzi, 2013: wagonjwa 103 waliougua kwa mara ya kwanza walifuatiliwa miaka saba, na waliopangiwa kupunguza dawa mapema walipona kimaisha kwa asilimia 40, dhidi ya 18 hivi kwa walioendelea na dozi ileile. Hapo msomaji wa haraka hufunga kitabu. Asiyekifunga anakuta mambo mawili: katika awamu ya mwanzo waliopunguza walirudiwa na ugonjwa karibu mara mbili ya wenzao, na baada ya miaka saba wengi wao walikuwa bado wanatumia dawa, kwa dozi ndogo. Uingereza, 2023: jaribio la watu 253, lililoongozwa na Joanna Moncrieff, mtafiti ambaye hakuna atakayemshuku kuzipenda dawa hizi. Waliopunguza polepole chini ya uangalizi walipata marudio makali kwa asilimia 25, walioendelea, 13. Na baada ya miaka miwili maisha ya waliopunguza, kazini na kwa watu, hayakuwa bora. Wanataja pia utafiti wa Iowa wa 2011 uliokuta kwamba waliotumia dozi kubwa zaidi walipungukiwa kidogo zaidi na tishu za ubongo. Ni kweli, na mabadiliko ya ubongo yameonekana pia kwa wagonjwa ambao hawajameza hata kidonge kimoja. Ukiziunganisha tafiti zote hizi zinafundisha somo moja: dozi iwe ndogo kadiri inavyotosha. Hakuna hata moja iliyompima kijana aliyetupa vidonge vyake chooni Ijumaa kwa kuwa mjomba kasema.

Hoja ya tano ndiyo inayowashinda hata wapenda hospitali: ameshapata nafuu, anakula, analala, anafanya kazi, ya nini kuendelea? Inavutia kwa sababu kwa malaria ndivyo tunavyofanya: dozi ikiisha, imeisha. Lakini dawa za skizofrenia hufanya kazi mbili, ya kuzima dalili na ya kuzuia zisirudi, na kazi ya pili haionekani kwa macho kwa sababu kufaulu kwake ni kutotokea kwa jambo. Mwaka 2012 Stefan Leucht na wenzake waliunganisha majaribio 65. Ndani ya mwaka mmoja, walioendelea na dawa walirudiwa kwa asilimia 27; waliobadilishiwa wakapewa kidonge kisicho na dawa, 64. Mpinzani atasema: basi 36 kati ya mia walibaki salama bila dawa! Sawa. Anitajie mapema ni wapi hao. Hakuna anayeweza, naye hawezi.

Hapo hutajwa John Nash, mwanahisabati wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1994. Wanasema kweli kwamba mwenyewe alieleza kuwa hakutumia dawa tena baada ya 1970. Filamu ya mwaka 2001 ndiyo iliyomtia kinywani maneno ya kutumia dawa mpya. Ila mfano huo unataja mwisho wa hadithi na kuruka katikati yake. Nash alilazwa mara kadhaa, akapoteza miaka mingi ya kazi, akahifadhiwa nyumbani kwa mke waliyekuwa wametalikiana, na chuo kikuu cha Princeton kikamvumilia akizunguka kumbi zake. Wangapi kati yetu wana Princeton ya kuwavumilia? Kupunguza au kuacha kwa mpango kupo. Aliyeugua mara moja tu, akakaa salama mwaka mmoja au miwili, ana haki ya kulizungumza na daktari wake, dozi ikashushwa kwa miezi, na nyumbani akawepo mtu anayejua dalili zake za mwanzo: usingizi kukatika, kujifungia chumbani, shuka dirishani mchana. Huo ni uamuzi wa kitabibu wenye tarehe na mashahidi. "Amepona" ni kauli ya sebuleni.

Hoja ya sita: alikuwa anakunywa dawa na bado akalipuka, kwa hiyo hazifanyi kazi. Kabla ya kukubali, mahakimu, ulizeni maana ya "alikuwa anakunywa". Alikunywa kila siku, au siku alizokumbushwa? Alikaa wiki tatu bila dawa kwa sababu kituoni waliambiwa wakanunue nje na hela haikuwepo? Alitafuna miraa mpaka alfajiri, au alivuta bangi? Alivuta sigara? Moshi wa sigara huharakisha kuvunjwa kwa klozapini na olanzapini mwilini, kiasi kwamba anayevuta huhitaji dozi kubwa zaidi, na anayeacha sigara ghafla huweza kuzidiwa na dozi aliyoizoea. Kabamazepini ya kifafa nayo hushusha nguvu ya dawa kadhaa za kundi hili. Baada ya maswali hayo wanabaki wagonjwa ambao kweli walimeza kila siku na hawakupona, wanaokadiriwa kufikia theluthi. Kwa hao dawa mbili zikishindwa, inayofuata ni klozapini. Na kwa anayesahau, au aliyechoka kuhesabu vidonge, ipo sindano ya mwezi, flufenazini, inayojulikana katika kliniki zetu kwa miaka mingi. Hoja hii ilipaswa kumpeleka mgonjwa kliniki, lakini imempeleka mbali nayo.

Hoja ya saba: dawa hizi zinaleta uraibu, zinamfanya mtu mtumwa maisha yake yote. Uraibu una alama zake: kutamani, kuongeza mwenyewe, kuiba ili upate. Hakuna kijiwe kinachouza haloperidoli kwa walevi, na malalamiko ya kila siku ya wauguzi ni kwamba wagonjwa hawazitaki. Kwenye mfuko huohuo wa dawa kuna moja ambayo wengine huitumia vibaya, benzheksoli, inayotolewa kupunguza mitetemeko. Ikae kwa mlezi, na isimezwe nje ya maelekezo. Kuna pia jambo ambalo mpinzani analiona vizuri: akikatiza ghafla, mgonjwa hukosa usingizi, hutapika, hutokwa jasho, na kwa klozapini huweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Lakini ushahidi huo unamshitaki anayesema "acha leo". Ama utumwa, ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza watu wenye matatizo ya akili wanavyofungwa minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Neno hilo linawafaa zaidi wenye kufuli.

Hoja ya nane haitoki kwao. Inatoka upande wangu, nayo ni mbovu vilevile: kwa kuwa dawa ni muhimu, mgonjwa akikataa tumtilie kwenye uji bila yeye kujua. Nia ni njema, nimeielewa. Lakini asiyejua kwamba ana dawa mwilini hawezi kusema shingo inakaza, hawezi kujihadhari na pombe juu yake, hawezi kueleza kwa nini anaona kizunguzungu akiinuka kitandani. Akibakiza uji nusu, kapata dozi gani? Mdogo wake akiumalizia, je? Na siku atakapogundua, mtakuwa mmemthibitishia kwa mikono yenu kile ambacho ugonjwa ulikuwa unamnong'oneza: kwamba nyumbani kuna watu wanaomwekea kitu kwenye chakula. Siwezi kuwadai wapinzani ukweli huku upande wangu unaficha kidonge kwenye bakuli. Mgonjwa aambiwe jina la dawa, faida yake na madhara yake. Apewe nafasi ya kuchagua kidonge au sindano. Akikataa, kazi ya kumshawishi inaanza upya kesho.

Sasa ziwekeni hoja zao pamoja mezani. Ya kwanza inasema hakuna ugonjwa. Ya tano inasema ameshapona ugonjwa huo. Ya pili inasema dawa ni usingizi mtupu. Ya tatu inasema zina nguvu ya kuua. Ya kwanza inakataa mambo ya wazungu. Ya nne inakimbilia Uholanzi na Uingereza kutafuta mashahidi. Mtu mmoja hawezi kuziamini zote kwa pamoja, lakini ni mtu huyohuyo anayezisema, kwa zamu, kulingana na ipi imeshindwa. Zinachoshirikiana ni hitimisho tu, na hitimisho lililotangulia sababu zake halikutokana nazo.

Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha urudi kwa mwenyewe. Anayemshauri mgonjwa aache dawa ajibu maswali manne mbele ya familia. Dawa gani, anaijua kwa jina na dozi? Ataishusha kwa miezi mingapi? Daktari gani ameambiwa? Na usiku wa tatu bila usingizi, kijana akianza kujibizana na ukuta, nani atakayekuja kumpeleka hospitali, kwa usafiri gani, kwa nauli ya nani? Atakayeyajibu yote manne ameshaacha kusema "acha dawa"; anazungumzia mpango wa matibabu, na hapo tunaweza kukaa naye. Atakayeshindwa kujibu ana haki ya kuwa na maoni yake. Hana haki ya kuyajaribia kwenye kichwa cha mtoto wa mwenzake.